Mashine ya boti ya zamani inazingua: jua kwanza inazingua saa ngapi

Hapa naongelea zile mashine za kuchanganya oili kwenye petroli, za kupiga kamba, hasa Yamaha Enduro 40 na mdogo wake 15, zote silinda mbili, maana ndo zimejaa kuanzia Tanga na Pangani mpaka Mafia na Kilwa, na kule ziwani Mwanza na Kigoma ndo hizohizo. Kama yako ni Tohatsu, Suzuki au Mercury ya zamani mengi yanafanana, vipimo tu ndo vinabadilika kidogo.

Malalamiko huwa ni mamoja tu, fundi mashine haina nguvu. Sawa, haina nguvu wapi sasa? Inazima kwenye silensa (mwendo wa chini kabisa) ila ukifungua inakwenda? Au kwenye silensa iko poa ila ukiongeza mafuta inakohoa na kurudi nyuma? Asubuhi nzima, ikishachemka ndo inaanza vituko? Inaunguruma vizuri kabisa ila boti haiendi? Hayo ni magonjwa manne tofauti na kila moja lina sehemu yake, na mtu anayeshika spana kabla hajauliza hayo maswali anaenda kukufungulia kabureta, anairudisha vilevile, anachukua hela yake na kesho mko palepale. Mi fundi anayefungua kabureta kabla hajachomoa hata plagi moja simwamini.

Mafuta yenyewe

Kabla ya yote angalia unachoilisha. Wengi wetu tunanunua kwenye madumu pwani au mwaloni, sio kituoni, na dumu halijulikani limelala wapi wala jana lilibeba nini. Mafuta yanawekwa vinasaba (alama ya siri ya kugundua yaliyochakachuliwa) tangu 2010, lakini iyo inamsaidia mkaguzi anayepima, dumu la kijiweni mkaguzi wake ni wewe. Chukua chupa ya maji ya kunywa iliyo safi, mimina petroli kutoka chini kabisa ya tenki sio juu, iache itulie dakika kumi hivi. Kama kuna maji yatakaa chini na utaona mstari kabisa, hata kijiko kimoja cha maji kinatosha kukuharibia siku maana yakifika kwenye bakuli la kabureta hayatoki, yanakaa palepale jeti (kile kitundu cha kupimia petroli) inayanywa kidogokidogo.

Kuhusu mafuta ya taa, dondosha petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka na kuondoka, iliyochakachuliwa inaacha doa la mafuta. Ila fanya hivo KABLA hujachanganya oili, ukishachanganya lazima doa libaki na utamlaumu muuzaji bure.

Na oili yenyewe sasa. Mchanganyiko wa hizi mashine nyingi ni 50 kwa 1, yaani dumu la lita 20 linakula mililita 400 za oili. Mashine mpya au iliyotoka kufanyiwa injini inapewa 25 kwa 1 kwa masaa ya mwanzo, hapo ni mililita 800, lakini sio maisha yake yote. Kuna watu wanaongeza oili kwa makusudi wakidhani wanailinda mashine, matokeo plagi zinalowa kila siku, moshi kama wa kufukuza mbu, na kibaya zaidi oili ikizidi petroli inayopita kwenye jeti inakuwa pungufu, kwaiyo inaenda kavu wakati we unajua umeineemesha. Tafuta oili iliyoandikwa TC-W3 kwenye chupa, iyo ni ya mashine za boti zinazopozwa na maji. Ya pikipiki inapeleka siku mbili tatu ukikosa, ila kwa muda mrefu inaacha masizi magumu juu ya pistoni na kwenye ringi. Oili ya injini ya gari usiweke hata kwa dharura.

Ile pampu ya kubinya kwa mkono

Hapa ndo nataka ukae sana, maana kile kipira kwenye hozi kinakupa majibu bila kufungua nati hata moja na watu hawakisomi. Kwanza mshale uelekee kwenye mashine, usicheke, nimeona zimefungwa kinyume. Binya huku umekishika mshale ukiangalia juu.

Kikiwa kigumu na kikabaki kigumu, upande huo ni mzima. Kikiwa kigumu halafu baada ya dakika chache kimelegea na mashine imezimwa, petroli inapita mahali, aidha vali ya ndani ya pampu inairudisha kwenye tenki, aidha sindano ya kabureta haifungi na utakuta inachuruzika chini ya kabureta na harufu imejaa ndani ya kava, hapo ndo zile asubuhi za kupiga kamba mpaka bega linauma maana silinda zimejaa petroli. Kikiwa hakigumi hata ubinye mpaka kesho, kinavuta hewa, nenda kwenye zile kichwa za kuchomekea angalia ringi ndogo ya mpira ndani, angalia hozi inapopinda, angalia bomba linaloingia kwenye tenki.

Na kikiwa kinanywea chenyewe, kinabonyea bapa wakati mashine inatembea, basi mashine inavuta na haipewi. Mara nyingi sana ni kile kiskrubu cha hewa juu ya mfuniko wa tenki, hakijafunguliwa. Unatembea robo saa vizuri, inaanza kufifia, inazima, unafungua mfuniko kuangalia kama mafuta yapo, unafunga, inawaka, robo saa tena. Umeshajitibia bila kujua maana ulipofungua hewa iliingia. Kama hewa iko wazi na bado kinanywea basi ni chujio ndani ya tenki au hozi imekufa kwa ndani. Watu wanaweka mpira wa maji badala ya hozi ya mafuta kwasababu ni rahisi, petroli inaula kwa ndani, unavimba na kumeguka, vipande vyeusi vinaenda moja kwa moja kwenye sindano na jeti. Ukikuta vumbi jeusi kwenye bakuli la kabureta usihangaike na kabureta, badilisha hozi kwanza.

Jaribio moja la baharini: mashine ikianza kufa kwenye mwendo, mwenzio abinye pampu mfululizo. Ikifufuka na kuendelea vizuri anapobinya na kufa akiacha, jua pampu ya mafuta ya kwenye mashine haifanyi kazi au kuna hewa inaingia njiani. Iyo pampu ya kwenye injini ni nati chache tu, ndani kuna vikaratasi vya mpira vinavyopigwa na pumzi ya krenki, vishike juu ya mwanga, vikiwa na tundu au vimekakamaa kama gamba la samaki weka vipya. Sio kitu cha bei.

Haishiki silensa / inakohoa ukifungua

Sasa kabureta. Ina jeti ndogo ya silensa na jeti kubwa ya mwendo, ndo maana niliuliza inazingua saa ngapi. Inazima kwenye silensa, inataka choki ndo iwake hata ikiwa imeshapata moto, lakini ukifungua inakwenda, jeti ndogo imeziba. Silensa nzuri ila haivuki nusu, jeti kubwa au mafuta hayafiki vya kutosha.

Ukiwa na wasiwasi kama inakosa petroli au inazidiwa, tumia choki. Iko kwenye mwendo inasumbua, vuta choki kidogo tu, sekunde moja. Ikipata nguvu, ilikuwa na njaa, rudi kwenye hozi, pampu na jeti. Ikizidi kufa, petroli ipo ya kutosha, hamia kwenye umeme. Hili jaribio linakuokolea nusu siku.

Kusafisha: fungua bakuli, mimina kilichomo kwenye kitu cheupe uone maji na uchafu. Ukikuta unga mweupe au wa kijani ni chumvi imeshaingia. Toa jeti zote mbili, loweka kwenye petroli au dawa ya kabureta, puliza kwa upepo wa kompresa kama kuna gereji karibu. Usizibue kwa waya wa chuma wala pini, lile tundu limepimwa, ukilitanua mashine itakunywa mafuta maisha yake yote na huwezi kulirudisha. Ukibanwa sana chomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, huo ni laini. Na ile skrubu ya silensa pembeni, kabla hujaitoa izungushe kuingia ndani taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, andika hata kwenye kiganja. Nyingi zinakaa karibu na mzunguko mmoja na nusu, ila namba yako mwenyewe ndo ya kurudia. Usiikaze ikishagusa, ncha yake inapinda.

Kama kabureta inatema petroli kwa nyuma, unaona kabisa ukungu unatoka mdomoni mwake, huenda vile vibamba vya kupumulia nyuma ya kabureta vimepasuka ncha au havifungi. Hapo jeti hazina kosa.

Inatetemeka, haina resi: silinda moja imelala

Enduro inayotembea na silinda moja bado inatembea, ndo inadanganya watu. Inatingisha boti nzima, inanguruma mbovu na mzigo haibebi. Chomoa plagi zote mbili uziweke kifuani pa boti kwa mpangilio, ya juu na ya chini, ziangalie. Rangi ya kahawia, kama biskuti, nzima. Nyeusi imelowa, haichomi, au petroli imezidi. Nyeupe kavu yenye vitone, inaungua, mafuta hayafiki, iyo usiendelee nayo safari maana pistoni inayeyuka tundu. Na moja ikiwa safi imeoshwa inang'aa kuliko mwenzake, au ina kutu na matone, maji yanaingia kwenye iyo silinda, gasketi ya hedi.

Moto wa plagi: ishikize kwenye chuma cha injini, mbali na matundu ya plagi na mbali na petroli iliyomwagika, mtu apige kamba. Unataka cheche ya bluu inayolia, sio ile nyekundu dhaifu. Usichomoe kofia ya plagi mashine ikiwa inaunguruma kama mafundi wa zamani wanavofanya, kwenye hizi za CDI (kile kisanduku cha umeme wa plagi) umeme ukikosa pa kwenda unatafuta pa kutokea na koili au CDI ndo inaumia. Zima, toa kofia ya silinda moja, ichomeke kwenye plagi ya zamani uliyoifunga na waya kwenye bodi (chuma cha injini), washa. Halafu fanya upande wa pili. Ile ambayo ukiitoa hakuna kinachobadilika, iyo ndo imelala.

Plagi nunua namba ileile. B7HS na B7HS-10 sio kitu kimoja ingawa zote zinaingia, iyo 10 mwishoni maana yake gepu ni milimita 1. Na 7 ni joto lake, kwenye NGK namba ikishuka plagi ni ya moto zaidi, kwaiyo usije ukaambiwa 5 ni sawa tu chukua. Na plagi feki zipo nyingi, ukiona maandishi yanafutika kwa kidole rudisha.

Hakuna moto kabisa kwenye zote mbili? Kabla hujanunua CDI, ambayo ni pesa ndefu, angalia ile klipu ya kamba ya usalama kama ipo mahali pake, halafu chomoa nyaya za swichi ya kuzimia. Moto ukirudi, swichi imeliwa na chumvi na CDI yako nzima. Ila ukijaribu hivo kumbuka mashine haitazimika kwa kitufe, utaizima kwa kuvuta choki. Angalia na nyaya za bodi, zile zilizofungwa na nati kwenye injini, zikiwa na kijani zisugue.

Nzima asubuhi, ikichemka inazima na baada ya nusu saa inawaka tena kama hakuna kilichotokea: hapo watu wanabishana koili au mafuta. Ubishi unaisha kwa kucheki moto palepale ilipozimika, ikiwa bado ya moto, usisubiri ufike nchi kavu. Hakuna cheche wakati wa moto na ikipoa ipo, ni koili au CDI au zile koili za chini ya flaiwili (lile gurudumu zito juu ya injini).

Kama kamba inakurudishia mkono kwa nguvu na mashine inapiga risasi kwenye kabureta, angalia flaiwili. Nati yake ikilegea kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia kinakatika, flaiwili inahama na moto unakuja wakati sio wake.

Inachemka

Ule mrija wa maji pembeni lazima utoke na nguvu. Ukiwa mwembamba, chokoa kwanza tundu lake kwa kijiti maana mara nyingi ni mchanga au chumvi hapohapo mwishoni. Bado? Impela, ile feni ya mpira inayovuta maji. Unashusha mguu, unafungua nyumba ya pampu, mabawa ya mpira yakiwa yamepinda upande mmoja au yamekatika badilisha, na yaliyokatika yatafute mpaka uyapate, yamepanda juu kwenye njia ya maji na yatakuzibia na impela mpya. Kuiwasha mashine mchangani bila maji "niisikie tu sauti" ndo kunaimaliza, mpira unaungua kwa sekunde chache. Ziwani ni mchanga na magugumaji kwenye matundu ya kuvutia maji, huku kwetu ni chumvi na mifuko ya plastiki.

Kuna wanaotoa termostati (kile kifungulio cha maji kinachofuata joto) wakatupa, eti maji yapite vizuri. Maji yanapita ndio, ila mashine haifikii joto lake, silensa inakuwa mbovu, plagi zinalowa, halafu unarudi kuhangaika na kabureta. Itie kwenye sufuria ya maji uchemshe, ikifunguka kabla maji hayajatokota vizuri irudishe.

Mrija unatoa maji vizuri lakini hedi ya moto? Dondosha tone la maji juu ya hedi, likichacharika na kukauka mara moja imezidi. Chumvi imejenga ndani ya njia za maji, hedi inafunguliwa na kusafishwa. Dawa ya kuzuia ni maji baridi yasiyo na chumvi, kila ukimaliza kazi, iache iungurume kwenye pipa dakika kumi.

Kompresheni, ukishamaliza yote hayo

Toa plagi zote mbili, shikiza nyaya zake kwenye bodi, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kamba mara tano sita geji ya kompresheni ikiwa kwenye tundu la plagi. Namba yenyewe inategemea geji na nguvu ya mkono wako, kitu cha kuangalia ni tofauti. Moja 100 nyingine 95, endelea na maisha. Moja 100 nyingine 60, mwaga kijiko cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda ni ringi au silinda imeliwa, isipopanda shuku gasketi ya hedi. Hakuna geji, kidole gumba kwenye tundu la plagi kitakuambia tofauti kubwa, ila ndogo hakitakuambia. Hapa tu ndo pa kuanza kuongelea injini mpya au pistoni, watu wengi wanauziwa ringi kwa ugonjwa wa hozi.

Injini inalia, boti haiendi

Inapiga resi vizuri halafu boti iko palepale, hasa ukiongeza mafuta ghafla: propela. Katikati yake kuna mpira, ukichoka unateleza. Chukua rangi au hata rangi ya kucha, chora mstari mmoja kutoka kitovu cha ndani kuvuka mpaka sehemu ya nje, nenda katembee na mzigo, rudi uangalie. Mstari ukiwa umeachana, mpira umekufa. Mashine ndogo zina pini badala ya huo mpira, ikikatika ni hadithi ileile, na usiweke msumari badala yake, pini imetengenezwa ikatike ili gia zipone.

Kama mstari haujahama, angalia ubao wa tezi. Kile kibamba juu ya propela kikae usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo. Mguu mfupi wa inchi 15 kwenye boti iliyotengenezewa mguu wa inchi 20 propela inameza hewa kila wimbi likipita, na hakuna fundi wa injini atakayelitibu hilo. Wakati uko huko chini fungua skrubu ya oili ya gia, ikitoka nyeupe kama maziwa sili zimepita maji.

Na moja ambayo inachanganya hata wazoefu: mashine inazingua ikiwa na kava, ukitoa kava inakwenda vizuri kabisa. Moshi unavuja ndani, injini inavuta moshi wake yenyewe badala ya hewa. Tafuta masizi meusi pembeni ya kifuniko cha ekzosi, gasketi yake ndo imepasuka, na nati zake zikikataa kutoka usilazimishe, chumvi imezikamata, zitie moto kidogo (petroli iwe mbali kabisa) na dawa ya kutu, ziache zilale mpaka kesho yake.